Siku Nilipopeleka Posa na Kamera

Kabla hamjaanza kunicheka naomba nianze mimi, maana habari hii imeshazunguka Kimamba nzima, kila anayeisimulia anaongeza ndama mmoja, na nikizidi kunyamaza nitaambiwa nilifungulia kundi zima la wilaya. Walikuwa ndama wanne. Aibu ni yangu, acha niipime mwenyewe.

Mnavyonijua, mimi si mtu wa kutulia. Nimeishi Tunduma, nimeishi Makambako, miaka ya mwisho nikawa Mikumi napiga picha za harusi na vipaimara, na nilipovuka arobaini ndipo nikakumbuka nyumbani na nikakumbuka kuoa (wengine hukumbuka kimoja kimoja, mimi nilikumbuka vyote wiki moja). Mwenyewe ni Rehema, fundi cherehani wa pale sokoni. Wazazi wake wanaishi nje ya mji, kwenye ranchi ya zamani ambayo wenye mali waliihama tukiwa bado watoto, yakabaki mabanda ya mbao na mabati yenye kutu, na wazazi wa Rehema wakaweka humo ng'ombe wao wachache wa maziwa.

Siku ya posa nilikwenda na mjomba Saidi, mshenga wangu. Desturi mnaijua, mshenga anaongea, mposaji anakaa kimya kama mzigo. Kazi yangu ilikuwa kuvaa kanzu nyeupe na kutulia. Bahati mbaya tuliwahi kufika, baba mkwe alikuwa bado msikitini, mama yuko jikoni, tukaketishwa barazani kwenye mkeka, na kutoka pale mkekani nikaliona banda.

Jamani, banda! Nguzo zimeliwa na mchwa hadi zimekuwa kama masega, bati limejikunja pembeni, jua la alasiri linapita kwenye nyufa za mbao, na nyuma yake milima yote ya Kilosa imejipanga kwa rangi ya bluu. Picha ya mlima peke yake ni ugali bila mboga, lazima mbele uweke kitu kilichochakaa, jicho lianzie hapo ndipo lipande. Na utotoni nililiona banda lile likiwa bado jipya, nikasikia kama linaniita kwa jina.

"Mjomba, naenda kujinyoosha kidogo," nikasema.

"Na hiyo kamera nayo inajinyoosha?"

"Dakika moja tu, mjomba."

Nikapiga ya kwanza, haikunoga. Kwenye mlango wa banda walikuwa wamepitisha mianzi mitatu, mibichi, ya kijani kabisa, inang'aa katikati ya ule uzee wote kama meno ya dhahabu kwa kikongwe. Nikachungulia ndani, giza, kimya. Nikasema nitaitoa, nipige, nirudishe. Nikaitoa. Nikarudi nyuma, nikapiga goti, goti halikutosha, nikalala kifudifudi (ndiyo, na kanzu, na ndiyo, lile lilikuwa zizi) na nilipoweka jicho kwenye kamera, wakatoka ndama.

Mtu mwenye akili angeinuka. Mimi nikamshukuru Mungu kwamba picha imepata uhai! Ndama wa kwanza akaniruka, wa pili akanikanyaga mkono, na wote wakakimbilia ng'ombe waliokuwa ndiyo kwanza wanarudi malishoni, wakajichomeka chini ya mama zao, wakaanza kunyonya huku mikia inacheza. Mimi nao, nyuma, mbele, pembeni, napiga tu, moyo umejaa. Nikiwa katikati ya hiyo raha nikamwona mama yake Rehema amesimama na ndoo ya kukamulia.

Sasa sikilizeni ujinga. Badala ya kusema shikamoo, nilimsogezea kamera.

"Mama, tazama walivyopendeza!"

Akatazama. Akatazama tena.

"Nani amewafungulia?"

"Mimi, mama. Ile mianzi ilikuwa inaharibu picha."

Alikwenda kwa ng'ombe mmoja baada ya mwingine, anashika chuchu, anaachia, kisha akarudi ndani na ndoo inayolia kwa utupu. Ndipo nikaelewa (mtoto wa Kimamba mimi, nilihitaji kuelezwa na ndoo!) kwamba ndama hufungiwa mchana kutwa ili maziwa ya jioni yapatikane, na maziwa ya jioni ile yalikuwa ya wageni. Wageni ni sisi.

Wazee walipokamilika, mjomba akasafisha koo, akaanza vizuri sana kwamba tumeona ua zuri kwenye bustani yenu. Chai ikaletwa. Ya rangi. Baba mkwe akaitazama, akanitazama mimi na kanzu yenye ramani ya kinyesi kutoka kifuani hadi magotini, akawageukia wenzake.

"Mtatuwia radhi, ndugu zangu. Maziwa yalikuwepo, lakini mkwe ameyapiga picha."

Mjomba akajaribu, "Kijana wetu ana bidii, mzee, tatizo ni..."

"Kijana?" akadakia shangazi mmoja. "Mwenye mvi kidevuni?"

Baraza zima likavunjika mbavu, na mimi jasho linanitoka kwa sababu nilijua kinachofuata ni kukunjiwa mkeka. Rehema akaitwa aulizwe kama anamfahamu mgeni huyu. Mnajua, mwanamke akinyamaza ndiyo amekubali. Rehema aliiona kanzu, akafunika uso kwa khanga, akacheka hadi akashikilia nguzo.

"Haya, maana ya kunyamaza tunaijua," mzee mmoja akauliza, "kucheka je?"

Baba mkwe akaweka kikombe chake chini.

"Anayechekwa hivi ameshapendwa, hilo silipingi. Lakini sisi wenye ng'ombe bado hatujampenda. Saidi, mrudi wiki ijayo. Kati ya leo na siku hiyo huyu bwana aje kila alasiri, mke wangu amfundishe kufunga mlango."

Nilikwenda. Kila alasiri, shikamoo kwanza, mikono mitupu, nimeshika ndama mmoja shingoni wakati mama anakamua na kunisema, na siku ya mwisho akanipa kikombe cha maziwa bila kutabasamu, nikanywa nimesimama kama askari. Mjomba akarudi, posa ikapokelewa, na ndoa ni baada ya mavuno. Na ninaapa mbele yenu, kwenye ua wa mtu sitagusa tena hata mfuniko wa chungu kabla sijabisha hodi, hata kama mlima wenyewe utainama kuniomba.