Mzabibu wa Dani na Jicho la Jirani

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa mtungi mdogo tu, kule Sindo, kando ya Ziwa Viktoria, nyanya yangu, Dani tulivyomwita, alikuwa na mzabibu kando ya jiko lake. Mwaka huo mvua ilikataa. Maua yakapukutika, na zabibu chache zilizoshika zikabaki ngumu, ndogo kama pilipili manga. Watu wakasema hilo ni jicho. La nani? La Min Ochieng, yaani mama yake Ochieng, jirani yetu, kwa sababu alipita pale akausifu.

Jicho baya kwetu si mchezo. Min Ochieng akaanza kurudi kutoka sokoni na omena zake, dagaa wa ziwani, vilevile alivyoenda nazo, na alikuwa na watoto wa kulisha.

Asubuhi moja akaja na ndoo ya maji ya ziwa kichwani, akasimama mbele ya Dani.

"Mama, wanasema jicho langu limekausha mti wako. Basi wacha mkono wangu uunyweshe, tuone."

"Na mti ukifa kabisa?"

"Ukifa, mtanizika nao."

Dani akaguna. "Mwaga polepole. Usinioshee ukuta."

Akawa anakuja kila kukicha. Hata maji ya kuoshea omena hakuyatupa. Zabibu zile hazikunenepa hata moja, kiu ilikuwa imeziwahi zikiwa changa. Wanawake ufuoni wakamcheka: "Anamalizia kazi yake huyo." Yeye akatandaza nyasi kavu shinani, jua lisinywe kabla ya mizizi, akaendelea.

Msimu uliofuata, Dani alipokata matawi, machipukizi yakatoka marefu, na safari hii maua yakashika. Vishada vikajaa mpaka kuku wakawa wanavirukia.

Sasa, kwetu huli mbele ya mtu wa jicho, tumbo litakukata. Dani akaweka kiti uani, watu wakiona, akamketisha Min Ochieng mbele yake, akala kishada kizima huku akitema mbegu.

"Anayetaka kuniona nikiumwa tumbo," akasema, "aje kesho."

Waliokuja walimkuta analima. Siku ya soko iliyofuata, omena za Min Ochieng ziliisha kabla ya jua kuwa kali.

Leo nina mizabibu yangu mwenyewe, na ukame haujatuacha. Majani yakilegea, wajukuu huniuliza ni nani ameitazama. Sisemi jicho halipo, mimi ni nani. Lakini kwanza natia kidole udongoni. Nikikuta vumbi, nachukua ndoo. Sitafuti mtu.