Maneno Niliyoyafuta Bila Kuyasoma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai huiacha mezani ikapoa. Si siku ya msiba, ingawa msiba nao utafika katika maneno haya. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, nimekaa katika duka langu la steshenari pale Maili Moja, Kibaha, nafanya kazi huku naimba. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta.

Nakueleza kwa sababu ya ulichoniambia jana. Ulisema wewe na wenzako wawili mnataka kuisafisha historia ya programu yenu ya maktaba, ile orodha ya kila badiliko mlilolifanya, kabla ya kuwaonyesha watu wa nje, ili ionekane ya kitaalamu. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilishikwa na uchungu, na mimi nikishikwa na uchungu mbele ya vijana hujifanya natafuta miwani.

Mnaniita Bibi Msimbo, wala sikasiriki, ingawa miaka hamsini bado sijaifikisha. Katika kazi hii yetu, anayekumbuka modemu ya kupiga simu huhesabiwa mzee. Haya, basi nina haki ya kunasihi. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na ushee, naishi mtaa wa Sofu, na riziki yangu ilikuwa kuchapa barua, mitihani na kadi za harusi. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa ubishi.

Mwalimu Tumaini alinijia dukani wakati walimu wa hesabu walipokuwa na semina hapa Kibaha. Alitoka Kisarawe. Alikuwa ameshika karatasi kubwa ya ratiba ya vipindi, imefutwa kwa raba mpaka imetoboka, akataka nimchapie. Nilipomaliza akaniambia, "Dada, hapa umempa mwalimu mmoja madarasa mawili kwa saa moja." Nikamjibu kwa ukali kwamba nimechapa alichoandika. Akatazama karatasi yake, akacheka, akasema kosa ni lake, na kwamba kila muhula hukosea hivyo hivyo kwa kuwa walimu ni wachache na vipindi ni vingi. Nikamwambia kazi hiyo kompyuta ingeweza kuipanga. Akavuta kiti akakaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi nilijua kompyuta, yeye alijua shule. Tukakubaliana iwe programu huria, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uwe wazi, shule yoyote iichukue bure, na anayeweza kuirekebisha airekebishe. Yeye akiandikia Kisarawe, mimi Kibaha, kazi zetu zikakutana katika ghala moja, kwenye mtambo, kompyuta kuu niliyoisimamia mimi. Ghala la namna hiyo unalijua lilivyo: hutunza kila badiliko, na pembeni jina la aliyelifanya na neno alilolisema alipolileta. Tulikwenda hivyo kwa miaka miwili. Katikati yake Tumaini akajifungua binti, wakamwita Upendo, na kazi hakuiacha.

Alikuwa na desturi yake katika maelezo, ile mistari ambayo mashine huiruka na binadamu ndiye huisoma. Wengine huandika maneno matatu, tena kwa kununa. Tumaini aliandika kama anayemwachia maagizo mwalimu mgeni. Machache bado nayakumbuka. "Usipange maabara vipindi viwili mfululizo, vyombo huoshwa na mwalimu mwenyewe." "Ijumaa mchana kipindi kiwe kifupi, wenzetu wanakwenda msikitini." "Kidato cha kwanza wasianze na hesabu asubuhi, wametembea kutoka mbali." Na alipoleta kazi ghalani aliacha neno: "Umeme umekatika, nitaendelea kesho." "Jana nilikosea, mnisamehe." Nikamtania siku moja, unamwomba nani msamaha, mashine? Akasema, "Atakayekuja kusoma, dada."

Basi kikundi fulani cha watu wa ng'ambo, wanaokusanya programu huria za shule, wakaniandikia. Walisema ratiba yetu imewapendeza na wangependa kuipokea katika mkusanyo wao, ila msimbo usafishwe kidogo. Hilo neno "kidogo" mimi sikulisikia. Nilianza kulitazama ghala letu kwa macho ya wageni, nikaona aibu. Kiswahili kila mahali! Umeme umekatika, mnisamehe, vyombo vya maabara. Nikajiona kama mwenye nyumba aliyefikiwa na wageni na nguo zimeanikwa sebuleni. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba lugha yetu ni uchafu, mwanangu. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini.

Ndiyo Jumamosi ile. Niliamuru maelezo yote yaondolewe, faili baada ya faili, wala sikuyasoma. Kisha nikaibana historia ya miaka miwili ikawa badiliko moja tu. Badiliko moja hubeba jina moja, la yule aliyebonyeza. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Jina la Tumaini likaondoka pamoja na Kiswahili chake, na niliona linavyoondoka. Nikajiambia nitalirudisha baadaye, kwenye faili la waandishi, nikipata nafasi. Ghala la zamani nalo nikalifuta kwenye mtambo, nisije nikachanganya.

Ubaya wenyewe bado hujausikia. Unajua kwamba ukibadili historia, mwenzako mwenye nakala ya zamani kwenye kompyuta yake anaweza kuirudisha yote bila kukusudia, siku atakapoleta kazi yake. Kwa hiyo nikamtumia Tumaini ujumbe: afute nakala yake, achukue mpya, na shuleni alikoiweka abadilishe pia. Sikumweleza sababu. Nilimwagiza, mimi, mtu niliyekula ugali kwake. Baada ya siku tatu akanijibu, "Hongera dada, nimeona. Nimefuta kama ulivyoniagiza. Na shuleni nimebadilisha." Nikamshukuru Mungu kwamba hakukasirika.

Hukumu niliyostahili ilikuwa katika lile neno "nimeona", maana alikuwa ameona jina lake halimo, na mimi nililipita mbio.

Wageni wakaipokea ratiba, wakaniandikia sifa, wakaniita mwanzilishi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikawa mtu wa kualikwa kuzungumza, nikasema "programu yangu" mara nyingi mpaka ulimi ukazoea. Tumaini hakuleta tena hata mstari mmoja. Nikasema analea. Nikasema vipindi vimemzidi. Na Kisarawe nako si hapo. Kutoka Maili Moja unateremka mpaka Dar, kisha unapanda tena kwa njia ya Pugu, nusu ya siku imekwisha. Sababu nilikuwa nazo tele. Ukweli ni kwamba niliuogopa uso wake, nikaipitisha miezi minane bila hata kumpigia.

Nilikwenda kwa msiba. Ilikuwa mimba yake ya pili, presha ikapanda, akaondoka yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Nilifika kesho yake baada ya maziko. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, wanakwaya wa usharika wakiimba uani, na mama yake mzazi, mkulima wa mihogo ambaye mikono yake naiona mpaka leo, amekaa amempakata Upendo. Nikamwinamia.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Wewe ndiye Salma wa Kibaha?"

Nikaitikia kuwa ndimi.

"Alikuwa anakutaja sana. Afadhali umekuja, mwanangu, nina haja na wewe." Akamgeuza mtoto anitazame. "Mama yake aliniambia kwamba huyu amemwandika humo kwenye kazi yenu. Wakati ananyonyesha alikuwa anatoka darasani mbio, kifua kimelowa. Akaweka sheria kwamba mwalimu mwenye mtoto mchanga aachiwe nafasi baada ya chai. Chini yake akaandika maneno yake kwa mtoto, na jina lake akalitaja. Mimi hayo makompyuta siyajui. Niandikie hayo maneno kwenye karatasi niyatunze. Akijua kusoma, ayasome mwenyewe."

Sheria hiyo niliijua, mwanangu. Inafanya kazi mpaka leo, katika shule ambazo sitazifikia. Maneno yaliyokuwa chini yake sikuwahi kuyatia machoni. Yalipita chini ya kidole changu Jumamosi ile nikiimba, nami sijui hata yalikuwa mistari mingapi.

Shetani aliniambia nitunge. Nani angejua? Ningeandika maneno mazuri ya mama kwa mwanawe, bibi angeyakunja na kuyaweka sandukuni, mambo yangekwisha. Lakini mtoto alikuwa ananitazama. Nikamweleza mama yule kila kitu, pale pale kwenye mkeka: nilivyoona aibu, nilivyofuta, nilivyomwagiza Tumaini naye afute.

Hakupiga kelele. Alimfunika mtoto vizuri kwa kanga. Kisha akasema, "Mlijenga wawili, ukafagia peke yako. Hukumwuliza mwenzio kipi ni taka." Akaongeza, "Na vilivyokuwa vyake ukamtuma akavitupe mwenyewe." Halafu akamwita mwanamke mmoja, akamwambia, "Mpe huyu chakula, ametoka mbali." Nilikula wali ule huku machozi yanaingia sahanini. Angenipiga ningepata nafuu.

Nilitafuta. Kompyuta ya Tumaini nikaipekua kwa ruhusa ya mumewe, nikakuta nakala mpya tu. Nikaenda shuleni kwake, mkuu wa shule akanifungulia ofisi, nako nikakuta nakala mpya. Alikuwa mtu wa kutimiza anachoagizwa, hakubakiza hata faili moja. Nikauliza flashi za walimu wenzake, nikapekua droo zangu mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki. Jina lake nililiandika katika faili la waandishi, juu ya langu, na wale wa ng'ambo nikawaungamia. Wakanijibu kwa upole kwamba hawakuwahi kuomba maelezo yafutwe. Walichotaka ni kupangwa vizuri kwa mafaili.

Kisarawe sasa nakwenda kila likizo, safari ambayo zamani ilikuwa ndefu. Upendo amekua, yuko sekondari, hesabu anaziweza kama mama yake. Likizo iliyopita tulikuwa jikoni yeye na mimi, anaosha vyombo, nami nachambua mchicha. Akaniuliza bila kunigeukia, "Mama Salma, bibi anasema mama aliniandika. Aliandika nini?"

Nikamwambia, "Sijui, mama."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Akaendelea kuosha vyombo. Akavisuuza vyote, akavipanga, akafuta meza. Hakuniuliza tena, na sidhani kama ataniuliza.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana mimi nikianza kulia siwezi kunasihi. Sikukatazi kusafisha kazi. Msimbo mchafu ni adha, nami nimewagombeza wengi kwa ajili hiyo, wewe ukiwa wa kwanza. Lakini usifute neno la mwenzako kabla hujalisoma mpaka mwisho, na ukishalisoma kamwulize. Yule mwenzenu anayeandika maelezo marefu mnamcheka, nimewasikia. Kaa naye leo. Pengine kuna jambo amelitia humo ambalo halina mahali pengine duniani. Likihitaji kuhamishwa, alihamishe yeye, na jina lake libaki palipokuwa na mkono wake, kwa sababu programu tunawagawia watu bure, na wengi wetu malipo pekee tunayoyapata ni jina hilo dogo pembeni. Wala usiionee aibu lugha uliyoifikiria kazi yako. Mgeni akitaka kujua imesema nini, atauliza. Mtafsirie, kuna hasara gani? Na usije ukamwagiza mtu atupe nakala yake kwa sababu tu yako ni mpya. Mwachie. Nakala moja ya zamani kwenye mashine ya Kisarawe ingeniokoa leo.

Na ukikosea, maana utakosea, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje miezi, usitume ujumbe, usijidanganye kwamba njia ni ndefu. Mimi ningefika kwa Tumaini akiwa hai, angenifokea, angenikumbusha maneno yenyewe kwa kichwa, na tungeyaandika upya tukicheka. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nitazeeka naye.

Haya, nenda kwa wenzako kabla hawajaondoka. Mungu awaweke nyote watatu, awape umri wa kuona kazi yenu ikitumiwa na watu msiowajua, asiwatenganishe kwa sifa wala kwa aibu. Na wewe, mwanangu, akujalie mkono mwepesi wa kuandika na mzito wa kufuta.