Vijiti Viwili vya Mama Goreti

Nichekeni tu, mimi nimeshajicheka.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipojaa Kigoma, nilikuwa nafundisha kemia Ujiji, na nilijiona bingwa. Nikatengeneza mfano wa molekuli: kiazi katikati ndicho klorini, na ndimu tatu za florini juu ya vijiti, zimeachana sawasawa kama mafiga.

Kesho yake nikakuta ndimu zimehamishwa, zimekaa kama herufi T, na kiazi kimechomekwa vijiti viwili vitupu. Nikajua ni Mama Goreti, mkimbizi aliyekuwa akifagia maabara. Nikazirudisha. Asubuhi iliyofuata, mambo yaleyale!

Nikamwita mbele ya Kidato cha Sita, akaja na ufagio wake mkononi. "Mama, ndimu hizi si za kuchezea. Na hivi vijiti ni vya kuchokonolea meno?"

"Mbabarira, Mwalimu," akaomba radhi kwa Kirundi chake. "Klorini ina elektroni saba za nje. Tatu zimeungana na florini. Zile nne, jozi mbili, umeziweka wapi? Ndivyo hivi vijiti. Ndizo zinazosukuma ndimu mpaka zikae hivi."

Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Kweli tupu.

"Umejifunzia wapi, Mama?"

"Nilikuwa nafundisha Bujumbura. Miaka tisa."

Nikampa chaki. Alifundisha vizuri mno hata nikasahau nimesimama wapi, mpaka msichana wa dawati la mbele aliponinong'oneza:

"Mwalimu, nikupokee huo ufagio?"