Mbwa Aliyeitika Jina la Mto

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule chini ya mgodi wa Macalder, lakini nakumbuka kwa kusitasita, na wenzangu wa rika langu wakinisahihisha nitakubali. Shule mimi niliishia darasa la nne. Nilichokiona nitasema nilikiona, na nilichoambiwa nitasema niliambiwa.

Enzi hizo mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Kalongolongo, ule mchezo wa baba na mama, tulicheza kwa makopo, na mpira tuliufunga wenyewe kwa majani makavu ya migomba, ukipigwa mara tatu unafumuka. Asubuhi tulikula nyoyo iliyolala, mahindi na maharagwe yameshikana sufuriani mpaka unayabandua kwa kidole, halafu mbio shuleni, umande ukituosha miguu hadi magotini. Mjukuu wangu siku hizi mkate ukikosa siagi anauangalia kama umemtukana. Simlaumu. Mimi ningepewa siagi, labda ningekuwa hivyo hivyo.

Basi, ule mwaka wa mvua kubwa kabla ya Uhuru, Mto Kuja ulitoka kwenye kingo zake ukaingia mashambani. Maji yalipoanza kupungua, mama alichukua karai lake la kuoshea dhahabu, maana alisema mafuriko huacha mchanga mzuri, na mimi na kaka yangu Omondi tukamfuata. Dhahabu hatukuona. Tuliona kichuguu, maji pande zote, na juu yake mbwa jike amejikunja. Chini ya tumbo lake watoto watano, macho hayajafunguka, wadogo kama panya wa shambani.

"Mbwa si mtu," mama alisema, "lakini huyu ni mzazi."

Akaingia majini hadi kiunoni, akawapakia watoto kwenye karai, na mama yao akaogelea nyuma bila kuliondolea macho lile karai.

Tuliwalaza jikoni juu ya gunia, karibu na mafiga. Hapo hapo Omondi akaleta ubishi. Kwetu mtoto mchanga wa kike hutolewa nje siku ya tatu, wa kiume siku ya nne. Sasa hawa waliochanganyika watatolewa lini? Mama alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tungoje ya nne, asidhulumiwe mtu.

Jina la yule mbwa lilikuja hivi. Tulimwita kwa Kijaluo, "Bi ka!", yaani njoo hapa, wala hakugeuza sikio. Siku moja Omondi alitaja tu kwamba anaenda Kuja kuchota maji. Mbwa akaruka, akasimama mbele yake huku mkia unapiga. Tukashangaa. Tukasema kumbe mto uliotaka kumuua ndio anaoupenda. Kuanzia hapo tukamwita Kuja, na kila ukiita Kuja, anakuja. Kiswahili chetu kilikuwa kile cha mwalimu, na mwalimu alitufundisha "njoo". Hatukufikiria zaidi.

Siku ya saba akabisha hodi mtu mmoja, askari wa kulinda stoo huko mgodini, Mkuria, amevaa koti refu la kaki. Nitamwita Mzee Chacha. Jina lake silo, lakini ana watoto na sitaki wasome vibaya. Mama hakujua Kikuria, naye hakujua Kijaluo, wakaongea Kiswahili.

"Mama Omondi, nimesikia mbwa yangu iko hapa."

"Iko, mzee. Lakini imezaa."

"Hiyo nilijua itazaa. Maji ndiyo ilituachanisha. Sasa siku tisa nalinda stoo peke yangu, na wezi wamejua. Mkubwa amesema kitu ikipotea tena, nifunge nguo zangu nirudi kwetu."

"Na hawa wakikosa titi, watarudi kwa nani?"

Mzee Chacha aliangalia gunia. Omondi akadakia, "Kama ni wako, mwite tuone."

"Huyu mtoto ana kichwa ya hakimu," Chacha akasema, na mama akakubali jambo liishe hivyo: mbwa akienda kwake amchukue, akija kwangu akae mpaka watoto waweze kula. Chacha akasimama kando ya ghala, mimi nikasimama mlangoni mwa jikoni. Tukaita pamoja.

"Kuja!" nikasema.

"Kuja! Kuja hapa!" akasema.

Mbwa akapiga hatua mbili kwangu, akageuka, mbili kwake, akageuka tena, akaanza kulia. Chacha akainua mkono.

"Ngoja. Wewe unamwita nani?"

"Kuja. Ndiyo jina lake."

"Jina? Mbwa ya stoo inapewa jina na nani? Mimi namwambia tu akuje!"

Alicheka, mama akacheka, na mimi nikacheka huku nataka kulia. Siku zote zile nilidhani anaitika jina nililompa, kumbe anatii amri. Au yote mawili. Mpaka leo sijui.

Mama akasema basi mnyamaze, mbwa achague. Tulinyamaza. Mbwa akasimama, akanusa upepo, akaja kwangu moja kwa moja.

"Tumeshinda!" Omondi akapiga kelele.

Ilikuwa imekwisha. Lakini mkono wangu nilikuwa nimeufumba, na ndani yake mlikuwa na omena, dagaa mkavu aliyeletwa na shangazi kutoka Homa Bay. Sikuwa nimepanga. Nilimchukua dagaa huyo kwenye mkeka wa kuanikia pale mlangoni nikiwa nasimama, nadhani. Nikaufungua mkono mbele yao.

"Nina omena," nikasema.

Omondi alinifinya mpaka ngozi ikabaki na alama. Chacha aliinama akamtazama yule omena. "Huyu hasemi uongo," alisema, na mama akaamua kugawanya: mchana mbwa anyonyeshe, jioni Chacha amchukue kwa kamba, alfajiri amrudishe. Hakuna aliyefurahi. Labda ndiyo haki yenyewe.

Wiki ile ile watoto wawili walikufa. Chacha sitamsingizia: kila alfajiri alimleta mbwa mwenyewe, koti limelowa umande, na wa kwanza alipokufa akawa analeta maziwa ya chai yake kwenye chupa, yeye akinywa ya rangi. Nilimwona akilowesha kitambaa na kuwanyonyesha kwa vidole vile vinene. Kazi yake hakuipoteza.

Omondi aliniambia, "Umewaua kwa mdomo." Mama akamkemea: "Ukweli hauui, kilichowaua ni baridi." Lakini alisema akiwa ameelekea motoni, uso wake sikuuona.

Ningefumba mkono, wangepona wote watano? Na watoto wa Chacha wangekula nini? Nimejiuliza nikiwa binti, nikiwa mke, na sasa nikiwa dani, nyanya wa watu.

Mwaka jana nilimtembelea Omondi, naye amezeeka kama mimi. Nikajikaza nikamwomba msamaha kwa wale wawili. Alinishangaa kweli kweli. "Wawili gani, Atieno? Hakuna aliyekufa. Wote watano walikua, wawili tukawapa watu wa Ogwedhi." Na Omondi si mtu wa kunifariji kwa uongo. Mimi nakumbuka nilichimba mara mbili nyuma ya jikoni kwa jembe la mama. Nakumbuka mpini ulivyokuwa mzito. Lakini mashimo yale sikumwonyesha mtu, na mama aliyejua ametangulia.

Enzi zetu jambo likipita lilibaki vichwani mwa watu tu, na vichwa ndivyo hivi. Mjukuu wangu hapa Migori anapiga picha hata sahani ya chipsi kabla ya kuila, nami humcheka sana. Ila ningepata picha moja tu ya jikoni ile, hata mbovu, hata yenye moshi, ningevaa miwani nikahesabu waliolala kwenye gunia.