Sanduku la Bendera

Nimeishi mtaa wa Fordsburg miaka mingi, na bado mtu akiniuliza njia ya kwenda Braamfontein, mtaa wa jirani tu, namwelekeza kwa kidole halafu namwombea dua. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ya kila siku ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, hatua nne, na hata hizo nilizigawa mara mbili. Lakini niulize manowari ya zamani, ile ya matanga, ilipangaje mizinga yake ubavuni na mabaharia walitundika wapi vitanda vyao vya turubai. Hapo nitakujibu bila kigugumizi. Nilifundishwa na jirani.

Jirani huyo alikuwa mzee wa Kikongo, mtu wa mashariki, kandokando ya ziwa. Alikuwa mlinzi wa chuo kikuu mpaka magoti yakamkatalia, na siku maktaba ilipotupa vitabu vilivyochakaa, yeye aliokota kimoja kikubwa chenye michoro ya meli. Basi akawa anachonga. Mbao za masanduku ya matunda ziliingia chumbani kwake zikatoka manowari zenye milingoti mitatu, na meli za maharamia, na muuza mapambo mmoja wa hapo mtaani akawa anazichukua. Wateja walipenda za maharamia. Hilo lilimuudhi sana. Alisema watu wanadhani haramia alikuwa na meli kama jumba la kifalme, kumbe nyingi zilikuwa meli ndogo za biashara zilizoporwa, zikabomolewa vyumba vya juu ili ziwe nyepesi, zikajazwa mizinga. Jumba lilikuwa manowari. Na kila manowari aliyoimaliza aliiandika jina nyuma, kwa rangi ya njano, jina lile lile kila mara, jina la mwanamke. Wanunuzi walidhani ni la meli. Mimi nilijua ni la marehemu mkewe, ingawa habari zake zaidi ya hapo alikuwa hajanisimulia.

Mwaka 2016 alinigongea akitaka mtu wa kumshonea matanga. Nikakata shati kuukuu la pamba, nikalichovya kwenye chai ya rangi ili lionekane limechoshwa na jua, nikapinda kingo kwa mkono, nikashona na bendera. Nilijivuna, sitaki kusema uongo. Papa, yaani baba, ndivyo nilivyomwita, aliizungusha meli juu ya meza, akaitazama.

“Wewe mutu ya pwani,” akasema, “hii upepo yako inatoka pande ngapi?”

Nilikuwa nimeishona bendera ikipepea kuelekea nyuma, kama nilivyoziona kwenye magari ya wakubwa. Gari hukimbia likauacha upepo. Meli ya matanga husukumwa nao, kwa hiyo upepo ukitoka nyuma, bendera hutazama mbele. Mimi mzaliwa wa Tanga sikulijua hilo. Chombo pekee nilichowahi kupanda ni boti ya Unguja, nikatapika kabla haijang'oa nanga. Nilifanya kosa la kumsimulia Papa, akapata cha kunitania mwaka mzima.

Kila meli alitaka bendera sita, ingawa inayopandishwa ni moja. Tano zilizobaki nilizikunja, akazitia kwenye kisanduku kidogo kuliko kiberiti na kukificha chini ya sitaha, mahali ambapo hakuna mnunuzi angepaona. Alinieleza kwamba manahodha wote, wa mfalme na wa wizi, walibeba bendera za watu wengine. Ukimwona Mhispania kwa mbali, unapandisha ya Kihispania, unamsogelea taratibu. Hiyo haikuwa aibu. Aibu ya nahodha wa mfalme ilikuwa kufyatua mzinga kabla hajaishusha ya uongo na kupandisha ya kwake.

Wakati huo mimi nilikuwa sina karatasi. Niliingia nchi hii kwa mhuri wa matembezi, na siku zake zilikwisha kitambo. Polisi wangenisimamisha kwenye robot ya kwanza tu, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku, ningerudishwa kwetu, ambako nilikuwa nimeuza hadi kitanda ili nije. Kukaa ndani kwangu kulianza kama tabia, kukaishia kuwa sheria. Wenzangu wa Dar walinishauri niombe hifadhi, niseme ni Mkongo nimekimbia vita. Walisema nina bahati, Mkongo halisi ninaye ukuta kwa ukuta.

Nikamwendea Papa mchana mmoja akiwa anafunga kamba za mlingoti wa kati. Nikamwomba anifundishe kijiji chake. Hakuinua macho. Alimaliza fundo, akafunga la pili, na la tatu. Kisha akaniambia nikalete daftari.

Nikaandika kama mtoto wa kidato cha nne anayeogopa kurudia mtihani: njia ya kutoka ziwani, kanisa lilipo, siku ya soko, samaki wanaouzwa, wenye bunduki walitokea upande gani. Hapo sauti yake ikawa ndogo, na kalamu yangu ikapunguza mwendo yenyewe.

“Andika yote,” akasema. “Lakini majina ya watu yangu, usibebe.”

Nikamwahidi.

Pretoria, kwenye ofisi ya wakimbizi, nilipanga foleni tangu asubuhi. Niliulizwa soko, nikajibu. Niliulizwa kanisa, nikajibu. Halafu nikapewa fomu yenye mstari mtupu: ndugu waliouawa. Ningeweza kutunga jina. Najiuliza hadi leo kwa nini sikutunga. Niliogopa, na kichwani mlikuwa na jina moja tu, la rangi ya njano. Nikaliandika, na mbele yake nikaandika: mama.

Nilirudi na karatasi ya miezi sita. Ningeweza pia kunyamaza, lakini Papa alikuwa amenisubiri mlangoni, na sura yangu haijui kazi hiyo. Nikamweleza. Alikaa kwenye kiti chake akiwa ameshika patasi, asikate mbao wala kuiweka chini.

“Uliandika ni nani yako?”

“Mama.”

Akaiweka patasi mezani. Nilitamani anitukane.

“Basi misa yake iko mwezi wa kumi na moja,” akasema. “Mtoto anakuja.”

Nikaenda. Mimi, Mwislamu wa Tanga, na mtandio wangu kichwani, nilikaa benchi la mbele la kanisa la Wakongo lililojaa watu, na Papa akanitambulisha kwa kila aliyekuja kuwa huyu ni binti ya marehemu. Hakutabasamu hata mara moja. Nilipewa pole nyingi, moja baada ya nyingine, na kila moja niliipokea kwa mikono miwili kama kitu cha mtu. Mwishoni mama mmoja mzee alinishika mkono, akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nilimtazama Papa. Alikuwa akitazama altare.

“Sikumjua,” nikasema.

Yule mama akadhani niliachwa mchanga. Akanikumbatia, akalia kwa niaba yangu.

Tulirudi kwa miguu, polepole kwa sababu ya magoti yake. Tulipovuka barabara ya pili Papa alianza kusema, bila kuniangalia. Alisema mkewe alikuwa mrefu kumzidi. Alisema alikuwa akicheka hadi anakaa chini. Sikuwa na daftari, na tulipoufikia mlango wetu, tuliupita, yeye akiendelea kusema.