Mandazi Yaliyofungwa

Ndizi mbivu zikipondwa, zikachanganywa na unga wa muhogo, zikadondoshwa kwenye mafuta ya mawese yaliyochemka, hutoa harufu ambayo sijui kama nitaweza kuieleza. Shule niliachia darasa la sita. Ni harufu tamu, ina moshi kidogo, na mwishoni kuna kitu kinachokwaruza pua kama ganda la chungwa. Juzi jirani yangu alikuwa anakaanga, nami nikasimama uani na ndoo ya maji mkononi mpaka binti yangu akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimekumbuka mwaka ule Mama Mdogo Zaituni alipotaka kutukimbia.

Naandika kama ninavyokumbuka. Inawezekana maneno mengine nimeyanyoosha mwenyewe kichwani miaka yote hii, kwa hiyo mkiona pamekaa vizuri sana, hapo mnitilie shaka.

Baba mdogo Juma alikuwa fundi cherehani hapa Gitega, katika mtaa wetu wa Waislamu. Bibi harusi wake alimtoa mkoa wa Muyinga: msichana mrefu, mwenye haya, ukimuuliza habari ndefu atakujibu neno moja, tena kwa chini. Tuliishi ua mmoja, sisi na wao na Bibi. Zaituni kushona hakujua, lakini mandazi ya ndizi aliyajua kweli kweli. Ramadhani ilipoingia akawa anabeba beseni kila alasiri, anakaa ukingoni mwa soko, pale wanapopita watu wanaotafuta cha kufuturia na pale wakulima wanaposubiri gari za kurudi Giheta. Mi nilikuwa nikitoka shule nakaa naye nafukuza nzi, kazi niliyoiona kubwa sana.

Hapa nieleze desturi moja. Kwetu Burundi mtu akikupa kinywaji au chakula, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, kisha anakupa. Hakuna anayechukia. Ni adabu tu, kama kumkaribisha mtu kwenye kiti. Lakini chini ya adabu hiyo umelala woga wa zamani wa mrozi. Na neno hilo mrozi ni kapu kubwa: anayetia sumu kwenye pombe yumo, anayesemekana kutuma radi yumo, na hata jirani asiyependa kusalimia watu hutupwa humo humo, na kwa maneno ya Gitega, watu wa Muyinga pia.

Basi alikuja mama mmoja wa Giheta, tulikuwa tukimwita Mama Espe. Alikuwa amemaliza kuuza maharagwe, ana furaha na ana njaa. Yeye ni Mkristo, lugha yake Kirundi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, cha kuuliza bei na kuikataa. Akachagua andazi kubwa kuliko yote, akamnyooshea Zaituni.

"Onja, mwana wanje," yaani mwanangu.

Zaituni akainamisha macho. "Siwezi, mama. Nimefunga."

Kwa Mwislamu hapo hakuna fumbo. Lakini kufunga alikokujua Mama Espe ni kufunga mlango, kufunga mbuzi kamba, na kule kwingine kwa waganga, kumfunga mtu mambo yake yasiende.

"Umefunga nini?"

"Nimefunga tu."

Mama Espe akalirudisha andazi kwenye beseni polepole, kama anayelaza mtoto mchanga. "Kwenu ni wapi?"

"Muyinga."

"Yoo," akasema, akashika kikapu chake akaondoka.

Haikuchukua muda, soko zima likajua kwamba mandazi ya yule wa Muyinga yamefungwa. Wengine walisema ukila, biashara yako haifunguki tena. Wengine walisema ni tumbo ndilo halifunguki. Nao majirani zetu Waislamu, walioelewa vizuri kabisa maana ya kufunga, hawakutusaidia. Mama Salma wa nyumba ya pili alikuja baada ya futari kumweleza Bibi, sauti chini, akichomeka "lakini" na "kwa hiyo" za Kifaransa.

"Mi sisemi kitu. Mais watu ya Muyinga, si unajua."

"Najua nini?" Bibi akauliza.

"Donc, inasemwaka."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Haya. Kunywa chai yako."

Mama Salma akanywa, akaomba kikombe kingine, akasifu tangawizi. Chai ile ilipikwa na Zaituni. Bibi hakumwambia, alituangalia sisi watoto kwa jicho kali ili tusicheke.

Kila jioni beseni lilirudi limejaa. Sisi watoto, nisiwadanganye, tulifurahi, maana tulikula mpaka tukashindwa kuinama. Zaituni hakula. Akaacha kwenda sokoni, na Idi ilipokaribia akasema anataka kwenda Muyinga kumsalimia mama yake. Baba mdogo alikuwa na sindano mdomoni. Alishona pindo la suruali ya mteja, akalifumua, akalishona tena.

Nilimwona Zaituni akifunga mzigo. Alitia vitenge vyote, hata vile vya harusi, na katikati akazungushia karai lake la kukaangia. Nikaenda kumwambia Bibi, kwa sababu hata mimi wa darasa la tatu niliona kwamba hakuna mtu anayekwenda kusalimia mama yake na karai.

Bibi aliinuka akaenda jikoni. Kisha akanijazia mfuko wa njugu za kukaanga. "Utakwenda naye. Hizi ni zawadi ya watoto wa kule. Na we mdogo, huwezi kurudi peke yako. Kwa hiyo itabidi akurudishe."

Hivyo nikawa kamba ya kumvutia mke wa watu, nami sikujua. Nilidhani naenda kutembea.

Muyinga tulifika siku ya Idi yenyewe, mi na woga wangu. Nilitazama nyumba, watu, kuku, nikitafuta ni kipi kinaonyesha urozi, nikakuta kuku ni kuku. Mama yake Zaituni alitupokea kwa kelele za furaha. Watoto wa uani wakanizunguka, nami nikafungua mfuko wangu kwa madaha kama mtu wa mjini. Hakuna aliyenyoosha mkono. Msichana mmoja wa umri wangu, Hadija, mpwa wa Zaituni, akarudi nyuma.

"Onja we kwanza."

"Kwa nini?"

"We si wa Gitega? Watu ya Gitega wanarogaka."

Nilishangaa mpaka nikasahau adabu. "Warozi ni nyinyi. Kila mtu anajua."

"Kila mtu wa wapi?"

"Wa Gitega."

"Eh, si unaona."

Nikala njugu. Hadija akasema nimechagua zile nzuri za juu. Nikala za katikati. Mwingine akasema sumu huwa inakaa chini. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko nikala za chini, na kwa kuwa sasa ilikuwa heshima ya Gitega nzima, nikala kwa konzi, huku nawakazia macho. Nikakimbilia nyuma ya jiko, kwenye migomba, na heshima yote ya Gitega ikatoka pale.

"Amejiroga mwenyewe," Hadija akatangaza.

Mama yake Zaituni akaja mbio, mikono kichwani. "Mi nilisema. Nilisema Gitega si mahali pa kuozesha mtoto. Walichomtilia huyu kilikuwa cha mwanangu."

Nikamwangalia Zaituni. Alikuwa amesimama mlangoni, na nilidhani analia, kwa sababu mabega yalikuwa yanatikisika. Kumbe anacheka. Alicheka akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kipya cha Idi, akacheka mpaka mama yake akaingiwa na hofu. Sikuwahi kumsikia hata sauti kubwa kabla ya siku ile.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "ni njugu. Mtoto amekula nyingi. Ndivyo walivyonifanyia kule, ndivyo hivi hivi." Akachukua mfuko, akatafuna, akawagawia watoto mmoja mmoja. Hadija alipokea wa mwisho, akala kuliko wote.

Mama yake akamwambia abaki. Kwao wanamjua, hakuna wa kumsema. Zaituni akafikiri, akijipangusa macho.

"Nikibaki nitakuwa yule aliyetoka Gitega. Nikirudi mi ni yule wa Muyinga. Basi bora nisemwe mahali mume yuko."

Tukarudi na karai. Baba mdogo alipotuona aliuliza tu kama njiani kulikuwa na mvua, lakini siku hiyo hakushona chochote.

Zaituni akaenda sokoni na beseni, mchana kweupe, Ramadhani imekwisha. Mama Espe alipopita, Zaituni alimwita kwa jina, jambo ambalo asingelifanya zamani. Akalivunja andazi, akatia nusu mdomoni, akatafuna mbele ya kila mtu bila haraka, akameza, akamnyooshea nusu nyingine.

Mama Espe akamtazama. "Leo umefungua?"

"Nimefungua, mama."

Akapokea. Akala amesimama, akanunua mengine ya watoto wake.

Nilikuwa mkubwa, nina watoto, ndipo nilipokaa na Mama Espe kwake Giheta akaniambia habari ya mdogo wake, aliyekunywa harusini akafia njiani, wala hakuna aliyewaeleza kilichomuua. Kwa hiyo sitamwita mjinga. Utotoni niliona kumwambia mtu aonje ni tusi. Sasa naona ni swali, na lina jibu: unatafuna, unameza, kwisha. Nisilolijua wakati ule, pamoja na njugu zote zile, ni kwamba "watu wa Muyinga" si swali. Andazi moja linaonjeka. Mkoa mzima utauonjaje?

Mwaka huu binamu yangu alikuja kututembelea na mumewe, kijana aliyekulia Ulaya. Uani, baada ya chakula, kijana akauliza kwa upole kama huku uchawi bado upo. Nikamjibu, "Upo Muyinga." Zaituni, mzee sasa, akadakia kutoka jikoni, "Muongo huyo, uko Gitega." Tukacheka sote mpaka Baba mdogo akakohoa. Kijana hakucheka. Alikuwa ameinamia simu yake, anaandika.

Nilimfuata mpaka kwenye gari nikamwomba afute aliyoyaandika. Nilijaribu kumweleza kwamba utani ule una mandazi ndani yake, na njugu, na mke aliyekaribia kuondoka, na kwamba ukiubeba peke yake unaharibika. Alisema ameelewa. Alikuwa kijana mwenye heshima, huenda alifuta.