Nilinyimwa harusi kanisani kwa kufundisha "gosh" na "darn", na sikuomba msamaha

Wakuu salaam. Niko Likasi, Kongo, mtaa wa Kikula. Kiswahili chetu mkikisikia mnacheka, kwa hiyo nitaandika cha kwenu, ila watu wakiongea nitawaacha waongee walivyoongea.

Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi, na wahusika wengine nasali nao mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kila Jumamosi mchana nilikuwa nafundisha vijana kwenye ukumbi wa kanisa letu la kilokole. Wengi wanatafuta kazi kwenye makampuni ya madini upande wa Kamatanda, ambako mabosi wengine wanaongea Kiingereza tu.

Mwanafunzi wangu mmoja, Clarisse, yuko mapokezi kwenye kampuni ndogo. Kiingereza cha hasira alikuwa amejifunzia kwenye filamu. Siku printa imegoma akatoa lile neno la F mbele ya bosi, kwa sauti, huku anatabasamu, maana alidhani ni neno la kawaida.

Akapewa onyo la maandishi. Akaja darasani analia.

Nikaona hapana, hawa wataharibu kazi. Jumamosi iliyofuata nikachora mstari ubaoni. Mwanzoni nikaweka Waingereza wa zamani waliokuwa wanaapa kwa majeraha ya Mungu, wakaogopa, wakalikata neno likawa "zounds". Halafu "gosh", ambayo ni God imepindishwa. "Heck" badala ya hell, "darn" badala ya damn. Kisha "shoot", inayofunika neno la chooni. Vijana wa leo wana "freaking" badala ya lile neno la Clarisse, na kwenye simu wanaandika herufi tatu tu, OMG.

Nikawaambia kila kizazi kina namna yake ya kukasirika bila kutukana. Printa ikigoma semeni "shoot". Mkisema "gosh" mtaonekana wazee kidogo, lakini hakuna atakayewafukuza.

Lilikuwa darasa tamu kweli. Walicheka, wakaandika kila kitu.

Sasa daftari la Clarisse likaangukia mikononi mwa mjomba wake, ambaye ni shemasi wetu.

Kwa wasiojua: kwetu mtu akikosa anawekwa kwenye "discipline". Unakaa benchi la mwisho karibu na mlango, huimbi, hushiriki meza ya Bwana, mpaka usimame mbele na kipaza sauti uungame. Na aliye kwenye discipline hafungishwi ndoa.

Harusi yangu na Bijou ilikuwa imebaki wiki tatu. Vitenge vya sare vya ndugu wa pande zote vilikuwa vimeshashonwa. Bijou ni mwanakwaya, amekulia kanisa lile, na mama yake aliingoja siku hiyo tangu binti akiwa mdogo.

Nikaitwa mbele ya wazee. Shemasi kashika daftari.

"Hii gosh inatoka ku jina ya nani?"

"Ya Mungu, papa. Bangereza ba zamani balikuwa banaogopa kuitaya bure, njo balipindisha."

"Unasikia, pasteur? Ye mwenyewe anaitika." Yaani nimekiri mbele ya mchungaji.

Hapo nikachemka. "Papa diacre, dimanche micro ikizimika, weye unasemaka nini?"

Yaani Jumapili kipaza sauti kikizimika yeye husema nini. Kanisa zima linajua anasema "mince". Hilo ni neno la adabu la Kifaransa linalofunika neno la chooni, kila aliyesoma shule huku analijua.

"Mince hapana tusi," akasema.

"Shoot nayo ni vile vile."

Mchungaji akainamia Biblia yake, maana naye hulisema. Nilikuwa sahihi, lakini nimemuaibisha mzee mbele ya wenzake, na kwetu hilo halisameheki kirahisi. Nikapewa discipline palepale.

Baadaye mchungaji akaniita pembeni. Ni mtu mwema, sitamsema vibaya. "Mutoto yangu, sema phrase moja tu. Nilifundisha matusi, munisamehe. Mariage yako tunaibariki."

Mama mkwe naye akaja kwangu kunisihi, kitenge chake cha harusi mkononi. Wakuu, niliyumba. Ni sentensi moja tu, dakika nzima haiishi.

Nikamfuata Bijou. Alikuwa uani anachambua sombe, yale majani ya muhogo.

"Ulifundisha matusi?" akauliza.

"Hapana."

"Basi usiseme ulifundisha." Akaendelea na sombe yake.

Jumapili nikaitwa mbele. Nikashika kipaza sauti.

"Miye nilifundisha batoto kukasirika bila kutukana. Juu ya ile, siko na zambi ya kuungama."

Nikakirudisha, nikaenda benchi la nyuma. Shemasi akaanzisha wimbo harakaharaka. Kwaya ikainuka kuimba.

Bijou hakuimba. Alivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatembea katikati ya kanisa lote. Mama yake akamwita kwa jina. Hakugeuka. Akaja kukaa kando yangu, na mimi machozi yakanitoka, sioni aibu kusema.

Tulioana ofisi ya komini tu, yaani ya serikali ya mtaa. Vitenge vilivaliwa vilevile. Mama mkwe alikuja lakini hakucheza, na hilo linaniuma mpaka sasa. Darasa limehamia uani kwa shangazi yake Bijou. Clarisse amekatazwa na mjomba wake kuja, na anakuja.

Nilichojifunza? Ukikubali kosa lisilo lako ili mambo yapite, watakuletea lingine. Na anayetafuta neno la upole wakati kifua kinawaka huyo anajitahidi, mnamwadhibu kwa lipi?

Jumapili zote bado tunaenda, mimi na mke wangu. Tunakaa benchi lile karibu na mlango, na tunaimba, ingawa hatutakiwi kuimba.

Nyie mngefanyaje? Semeni bila kunionea haya. Anayeona ningeitoa tu ile sentensi yaishe, aandike hapa, nitamsoma mpaka mwisho na nitamjibu kwa heshima. Ila sitaisema.